Mkanda wa Duilio

Jumapili, 3 Aprili 1960

Mwalimu Learco amenipa daftari hili niandike mazoezi: nimerusha mara ngapi, nimelala vipi, nimekula nini. Nimemwambia sawa. Lakini usingizi wangu na tumbo langu si mambo ya kumpa mwanamume asome. Yeye nitamwandikia kwenye karatasi, na daftari litakuwa langu.

Mazoezi ya leo: mvua. Duara la saruji ninamosimama kurusha kisahani lilijaa maji, nikalikausha kwa magunia, likajaa tena. Mwalimu alikuja na pikipiki yake kutoka mjini akiwa amelowa chapachapa, hata salamu hakutoa. Akatembea moja kwa moja hadi mwisho wa malisho, karibu na mti wa mwaloni, akapigilia kigingi alichokipaka chokaa. Akarudi akisema, "Ersilia, pale ndipo Roma ilipo. Ukikipita kwenye mchujo wa Julai, jezi ya buluu ya taifa ni yako. Usipokipita, Olimpiki utaisikiliza redioni na bibi yangu."

Nimerusha mpaka mkono ukafa ganzi. Kisahani kilichokwenda mbali kuliko vyote kiliangukia katikati ya kondoo wetu, na kigingi kilikuwa bado mbali. Kondoo wameshanizoea. Hawainui hata vichwa.

Nina miaka thelathini na moja. Nimeanza kurusha kisahani nikiwa msichana wa shule, nimekuwa bingwa wa mkoa mpaka watu wameacha kunipongeza, na mara mbili nimekaribia kuingia timu ya taifa nikaachwa mlangoni. Sasa Michezo inakuja kwetu, Roma, unapanda treni asubuhi unafika jioni. Nisipoenda safari hii siendi tena maishani. Naandika hivi ili baadaye nisije nikajidanganya kwamba sikujua.

Jumatano, 6 Aprili

Mvua. Nimekamua kondoo, nimepika jibini, nimelala.

Jumapili, 17 Aprili. Pasaka

Mwanakondoo wa kuoka, mayai ya kuchemsha, na Baba. Tuko wawili tu mezani tangu Duilio aondoke. Mama tulimzika zamani, nikiwa mdogo.

Nilimwambia Baba kwamba kisahani kinaanza kukisogelea kigingi. Akatafuna, akameza, akasema kitu cha duara kimeumbwa kibiringike chini, na kinachoruka hewani hakina adabu. Ndiyo maneno yake miaka yote. Hajawahi kuja kuniona nikirusha, si mjini, si hapa malishoni, na kutoka jikoni mpaka kwenye duara langu ni mwendo wa kumaliza tufaha moja.

Jumatatu ya Pasaka, 18 Aprili

Leo wanaume wamefungua msimu wa jibini. Unachukua gurudumu la jibini la kondoo lililokaa mpaka likawa gumu kama jiwe, unalizungushia mkanda ukingoni, unakimbia, unalivurumisha barabarani, mkanda ukifunguka na kubaki mkononi. Linapochoka kubiringika ndipo unaporushia tena. Atakayelifikisha kwenye msalaba wa mawe kwa mirusho michache ndiye mshindi, na kijiji chake kinalila. Siku ya Mtakatifu Yohane tunapambana na Serralta, wale wenye majivuno wa ng'ambo ya bonde, na wametushinda mwaka hadi mwaka tangu Duilio aache kurusha.

Kila nyumba hapa Montefosco ina mkanda wake, na mkanda haushikwi na asiye wa damu ya nyumba hiyo. Wa kwetu unaning'inia juu ya meko. Duilio, kaka yangu, ndiye aliyekuwa akiushika. Miaka saba iliyopita alikwenda Ubelgiji kuchimba makaa. Alisema ni mwezi mmoja tu, aone kulivyo. Akakaa miaka mitatu, kisha mgodi ukamfukia. Lilirudi sanduku zito lililopigwa misumari, na Baba akakatazwa kulifungua. Akakaa nalo usiku kucha akiligongagonga kwa vidole, akisikiliza.

Leo alisimama kando ya barabara, kofia machoni, akawatazama wenzake wakirusha.

Jumapili, 1 Mei

Jua, hatimaye. Kunde mbichi na jibini, kama kila Mei mosi. Mwalimu alikula ganda na vyote, mtu wa mjini yule. Aliniambia bega langu la kushoto linafunguka mapema. Nimelifunga. Kisahani kikaenda.

Alhamisi, 12 Mei

Kiuno kinauma. Sijamwambia mtu.

Jumapili, 22 Mei

Nimekipita!

Nilijua kabla hakijaanguka. Kisahani kikikaa sawa huwa hakina uzito. Kinatoka kwenye kidole cha shahada, kinakuaga kwa ncha ya kidole, na wewe unabaki unazunguka bila kitu mkononi. Kilipita juu ya kigingi kikaangukia ng'ambo, kwenye majani marefu. Mwalimu Learco alikimbia mpaka pale, akalala kifudifudi kuangalia alama, akainuka na tope kwenye tai. Analia, mtu mzima yule. Kisha akajitia kunigombeza kwamba mguu ulichelewa.

Mama Zelinda mwenye baa alisikia kelele akaja na chupa. Ndiye mwenye televisheni pekee hapa kijijini na ndiye mwenye mdomo pekee pia. Akasema Agosti watu wote watakaa kwenye viti vyake kunitazama, na kwamba nivae soksi safi maana taifa zima litaona.

Jioni nikamwambia Baba. Aliacha kijiko. Akaniuliza, "Huko Roma utakaa siku ngapi?"

Nikamwambia labda wiki tatu, au mwezi, na kambi yake. Akauliza wananilaza wapi, na nani. Nikamjibu yote. Nilifurahi, jamani. Miaka yote hii hakuwahi kuniuliza hata swali moja juu ya kisahani.

Alhamisi, 2 Juni

Nimekipita tena, mara mbili. Joto limeanza.

Jumapili, 12 Juni

Ivo mwashi ameanguka kutoka kwenye mti wa cheri na kuvunja mguu. Ndiye aliyekuwa aturushie jibini dhidi ya Serralta. Wanaume walikuja kwetu baada ya misa, kofia mikononi, wakamwomba Baba ashushe mkanda walau mwaka huu. Baba akawaonyesha mkono wake wa kulia, ule uliopooza vidole baada ya mazishi. Wakanywa divai, wakaondoka wakiwa wanyonge.

Jumatano, 15 Juni

Leo Baba ameushusha mkanda mwenyewe. Aliupaka mafuta ya kondoo, akaukunja, akauweka mezani mbele ya sahani yangu.

"Ersilia," akasema, "uwarushie wewe."

Nilidhani ananitania. Hakuna mwanamke aliyewahi kurusha siku ya Mtakatifu Yohane. Nikamwambia watu watatucheka. Akasema wacheke. Nikamwambia mchujo wangu uko wiki mbili tu baadaye na Mwalimu akisikia atanimeza. Akasema, "Sijakuomba kitu tangu uzaliwe. Hiki nakuomba."

Na ni kweli, hajawahi kuniomba. Duilio ndiye aliyekuwa akiombwa na kutumwa, na Duilio ndiye aliyekuwa akisifiwa. Mimi nilikuwa yule anayecheza na visahani. Nilikwenda zizini nikalia huku nikikamua, na kondoo wakanitazama. Nimekubali.

Jumapili, 19 Juni

Mwalimu alizipata fununu. Akasimama katikati ya malisho akaniapisha: nisiguse jibini, nisiguse mkanda, nisiguse hata kijiko kizito mpaka Julai. Nikamwambia sitagusa. Nimemdanganya mtu aliyenipa miaka kumi na minne ya Jumapili zake. Baba alikuwa dirishani.

Jumanne, 21 Juni

Wanaume walikuja kunung'unika. Baba akawauliza, ni damu ya nyumba au si damu ya nyumba? Wakavaa kofia zao, wakaondoka.

Ijumaa, 24 Juni. Mtakatifu Yohane

Naandika kwa kushika kalamu ndani ya ngumi, mtanisamehe mwandiko, ingawa sijui nawaomba akina nani.

Asubuhi nimenawa uso kwa maji yaliyolala nje na maua, kama wanawake wote wa hapa siku hii. Kisha misa, kisha barabarani. Serralta walikuja na ngoma na Remigio mchinjaji, mtu mwenye shingo ya fahali. Aliponiona na mkanda akamwuliza Baba kwa sauti ya kusikika bonde zima, "Mzee Sabatino, umeishiwa wanaume mpaka unatuletea sketi?"

Mama Zelinda akamjibu kabla Baba hajafungua kinywa: "Sketi hii ndiyo utakayofutia machozi, Remigio."

Baba alinisogeza pembeni. Akalizungushia jibini mkanda mwenyewe kwa mkono wake mzima na meno. Akanishika kidole cha shahada akaniambia niuzungushe ule mwisho wa mkanda mara mbili kidoleni, nikaze, nisiachie mpaka jibini liachie lenyewe. "Duilio alifanya hivyo," akasema.

Mrusho wa kwanza ulikwenda vizuri. Jibini si kisahani, lina ukaidi wake, lakini kiuno ni kilekile na mguu ni uleule. Wa pili nilikata kona ya kisimani, ile inayowashinda wengi, na kijiji kikapiga kelele mpaka mbwa wakakimbia. Kidole kilikuwa kinawaka. Nilitazama nikaona mkanda umezama kwenye nyama. Remigio alikuwa mbele yangu kidogo, amebakiza mrusho mmoja, na mimi vilevile. Alirusha kwanza, jibini lake likalala kabla ya kuufikia msalaba.

Nikakimbia. Nikarusha. Mkanda haukuachia. Uliachia baadaye, baada ya kusikia kitu ndani ya kidole kikikatika, mlio mdogo kama wa kijiti kikavu. Sikupiga kelele. Jibini lilikuwa linashuka barabarani, linaruka mawe, limenyooka kabisa, na Baba alikuwa anakimbia kando yake. Mzee yule anayepanda ngazi kwa shida alikuwa anakimbia, kofia imeanguka, na anapiga ukelele: "Kimbia, Duilio! Kimbia, mwanangu, kimbia!"

Watu wote walisikia. Jibini lilipita msalaba wa mawe na kulala kwenye shayiri. Kwa kitambo hakuna aliyepiga makofi. Kisha wakapiga wote kwa pamoja, kwa nguvu, ili lile jina lipite.

Baba alinikumbatia akilia. Sikuweza kumkasirikia. Nilifikiri, nimemrudishia mwanawe kwa muda wa jibini moja kubiringika, na ni nani mwingine duniani angeweza kumpa hilo? Nikaficha mkono kwenye mfuko wa aproni. Tukacheza, tukala, Remigio akalipa divai kwa uungwana. Baba ndiye aliyekata jibini, na kipande cha kwanza akanipa mimi.

Jumamosi, 25 Juni

Kidole kimevimba na kina rangi ya bilinganya. Hakikunji.

Jumatatu, 27 Juni

Daktari wa mjini anasema uzi wa ndani umekatika. Akauliza kazi yangu. Nikamwambia mkamuaji. Akasema nitakamua kwa vidole vingine.

Jumatano, 29 Juni

Mwalimu amekiona. Nikamwambia kifuniko cha pipa la maziwa kiliniangukia. Akakaa chini kwenye saruji, palepale ndani ya duara. Halafu akainuka akasema tutajaribu kukiacha kisahani kitoke kwenye kidole cha kati. Tumejaribu. Kinatoka kimelala ubavu na kuanguka kama ndege aliyepigwa risasi. Kondoo leo wamekimbia.

Jumamosi, 2 Julai

Hakikipiti kigingi. Hakikikaribii hata.

Jumanne, 5 Julai

Mvua ya mawe. Zabibu za jirani zimekwisha. Kidole hivyohivyo.

Jumapili, 10 Julai. Bolonya

Sitaki kuandika haya. Nisipoyaandika sasa nitayabadilisha.

Tulipanda treni jana. Mwalimu alibeba begi langu na hakuniruhusu nilishike hata mara moja. Uwanja ulikuwa mzuri, nyasi zimekatwa chini kabisa, duara kavu, hakuna upepo wa kusingizia. Kulikuwa na wasichana wa kutoka kaskazini, wana miaka ishirini, wanacheka. Mmoja aliniamkia kwa heshima akaniambia alinitazama nikirusha alipokuwa shuleni. Nilimshukuru. Nilitamani kumpiga.

Mwalimu alikifunga kidole changu na jirani yake kwa bandeji. Mrusho wa kwanza ulikwenda nje ya mstari. Wa pili ulikuwa halali lakini mfupi, ule ambao nikiwa na miaka ishirini ningeuonea aibu. Kabla ya ule wa mwisho nikaifungua bandeji. Nikasema liwalo na liwe. Nikakishika kisahani kama nilivyofundishwa, kidole kikiwa mahali pake, nikazunguka, na kiuno kikaja, na mguu ukaja, na bega likakaa limefungwa mpaka mwisho kama Mwalimu alivyonililia tangu Mei. Kila kitu kilikuwa sawa. Naapa kila kitu kilikuwa sawa. Kisha kisahani kikafika kwenye kidole na kidole hakikuwepo.

Nilisikia mlio wa kuanguka kwake. Karibu mno. Sikugeuka kuangalia. Nikatoka nyuma ya duara kama sheria inavyotaka, nikavaa koti, nikakaa kwenye benchi, nikaanza kukunja bandeji. Niliikunja vizuri sana. Yule msichana alikuwa akirukaruka na wenzake, amepata. Mwalimu alikuja akakaa kando yangu, akaichukua bandeji, akaikunjua, akaanza kuikunja upya. Hivyo ndivyo tulivyokaa mpaka wakaja kufagia.

Kwisha. Sitavaa jezi ya buluu. Nimelia kwenye choo cha treni mpaka mtu akagonga.

Jumatatu, 11 Julai

Baba alikuwa stesheni na punda. Sikumwomba aje, na sijui alijuaje treni ipi. Lazima alikuja tangu asubuhi. Aliponiona nashuka uso wake ulifunguka. Akasema, "Umerudi." Akanivika koti lake, Julai hii, jua la kukaanga mayai.

Sijawahi kumwona na furaha namna ile tangu sanduku lirudi. Nilimchukia njia nzima.

Jumatano, 20 Julai

Tunapura ngano. Vumbi.

Jumapili, 31 Julai

Mwalimu hakuja. Ni Jumapili ya tatu.

Jumanne, 9 Agosti

Joto. Kondoo wawili wamekufa. Baba ni mwema kupita kiasi. Ananichotea maji, ananimenyea matunda, juzi amenitengenezea mpini wa ndoo uwe mnene ili nisiumie kidole. Nimeanza kumwonea huruma, nikafikiri labda nilimkosea pale stesheni. Mzee hajui jezi ni nini. Alijua tu kwamba mtoto amerudi.

Alhamisi, 25 Agosti

Ufunguzi. Kijiji kizima kiko kwa Mama Zelinda. Alikuja kuniita, akasimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza nikamwona amekosa la kusema. Akaniwekea mkate wa zabibu mezani akaondoka. Baba hakwenda pia. Tulisikia makofi wakati timu yetu ilipoingia uwanjani.

Jumatatu, 5 Septemba

Leo walikuwa wanarusha kisahani, wanawake.

Mama Zelinda amefungua madirisha na sauti ya mtangazaji inafika mpaka zizini kwetu. Nilikuwa nakamua. Baba alikuwa ameketi kwenye gogo, anachuja maziwa. Mtangazaji alikuwa akitaja majina, na kila jina nilijua uso wake, nilijua huyu anazunguka haraka, huyu anaogopa duara likilowa. Nikaendelea kukamua. Machozi yalikuwa yanaingia ndani ya ndoo na sikuyazuia.

"Duilio alikuwa akizungusha mara moja," Baba akasema.

Nilidhani anaongea peke yake, anafanya hivyo siku hizi.

"Mkanda," akasema. "Kidoleni. Mara moja tu. Mimi ndiye niliyekwambia mara mbili."

Nikaacha kukamua. Nikamwuliza anasema nini. Hakunitazama, alikuwa anatazama chujio.

"Mara mbili unabana. Kila mtu hapa anajua. Nilitaka uumie kidogo tu, Ersilia. Wiki mbili tatu. Upitwe na safari, basi, kisha kipone. Sikutaka uzi ukatike. Nakuapia kwa kaburi la mama yako, sikutaka ukatike."

Nikamwambia, "Roma si Ubelgiji, Baba."

"Treni ni ileile," akasema. "Naye alisema mwezi mmoja."

Huko kwa Zelinda watu walipiga makofi, mtu fulani alikuwa amerusha mbali. Nilisimama. Sikumbuki nilitaka kufanya nini. Nadhani nilitaka kumpiga baba yangu. Alikuwa mdogo pale kwenye gogo, mabega yamepanda masikioni, anangoja nimpige. Nikatoka nje, nikatembea mpaka kwenye mwaloni, nikaking'oa kile kigingi kwa mikono miwili, nikakitupa bondeni.

Kumbe hakuwa akiniona mimi hata siku moja. Au alikuwa akiniona mimi tu, sijui lipi ni baya zaidi. Nilimpa kidole changu nikidhani nampa zawadi, na yeye alikuwa ameshakichukua. Nampenda, na hilo ndilo linaloniua. Angekuwa mtu mbaya ningefungasha usiku huu.

Nilirudi kumaliza kukamua kwa sababu kondoo hawajui habari hizi.

Jumatano, 7 Septemba

Hatusemezani.

Jumapili, 11 Septemba

Ukungu. Michezo inafungwa leo. Saa ya chakula cha jioni nikasikia pikipiki.

Mwalimu Learco hakukaa. Alisimama hapo mlangoni na kofia yake ya ngozi mkononi, amekonda. Alisema jana alikwenda Serralta kununua nyama, na mchinjaji akamsimulia kwa raha zote jinsi binti wa Montefosco alivyomshinda kwa jibini siku ya Mtakatifu Yohane, na jinsi alivyoshika kidole baadaye akidhani hakuna anayemwona. Kwa hiyo si kifuniko cha pipa, akasema. Nikamwambia si kifuniko.

Akamtazama Baba, akanitazama mimi. Akasema amenipatia nafasi kwenye shule yake mjini, niwafundishe wasichana kisahani, nianze Oktoba, na chumba kipo. Kidole si kitu, wasichana hawahitaji kidole changu, wanahitaji macho yangu. Lakini kwanza anataka kujua jambo moja.

"Nani alikutuma ukarushe lile jibini?" akauliza. "Kama umelazimishwa, chukua begi lako sasa hivi, nakungoja nje. Kama ni wewe mwenyewe, kwa kutaka makofi ya kijiji, wiki mbili kabla ya mchujo, basi mimi na wewe hatuna kazi tena. Sitawapa watoto wa watu mwalimu aliyeiuza Roma kwa kipande cha jibini."

Baba aliweka kijiko chini. Alifungua kinywa, naona kabisa alitaka kusema, midomo ilikuwa ikitafuta neno. Nilijua akisema, kesho bonde zima litajua. Serralta watajua. Atapita barabarani na watoto watamwonyesha kidole: yule ndiye mzee aliyemvunja bintiye. Na atakuwa peke yake humu ndani, na mkanda ule, na kiti cha Duilio, na changu.

"Nilitaka mwenyewe," nikasema. "Hakuna aliyenituma. Baba alinikataza."

Mwalimu alinitazama kwa muda. Alikuwa akinipa nafasi ya kusema tena, miaka kumi na minne namjua, najua anavyongoja. Sikusema tena. Akavaa kofia yake.

"Na mimi ndiye niliyekuwa mjinga," akasema, "nikakupigilia kigingi."

Akaondoka. Pikipiki ilikataa kuwaka mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa nimeshika kingo za kiti. Ya tatu ikawaka.

Baba alikuwa analia kimya, machozi yanaingia kwenye ndevu. Akakata kipande cha mkate, akakipaka mafuta ya zeituni kama ninavyopenda, chumvi kidogo, akakisukuma taratibu mpaka mbele yangu. Akaniambia, "Kula, mwanangu."

Sikukichukua. Niliosha sahani yangu, nikaenda kulala na njaa.